Tikiti ya Meneja

Mimi ni mtu wa kucheka haraka. Hata kule misheni, nilikoishia darasa la nne, mwalimu alikuwa akinitoa nje ili wengine wapate kusoma. Kwa hiyo anayenijua akisoma haya atashangaa, maana jambo ninaloliandika linanitia kinyaa mpaka leo, kinyaa kile cha mate kujaa mdomoni. Siku zile nilidhani ni mimba. Nilikuwa na miezi minne, na kila kitu kilininukia vibaya: maziwa, maua ya pareto yakianikwa, sabuni ya kufulia, hata mume wangu akitoka zizini. Lakini mtoto alizaliwa, akaachishwa ziwa, na kinyaa bado kipo.

Tulikuwa tunakaa upande wa Subukia, kwenye shamba la kampuni. Kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, mahindi, na kipande cha pareto huko juu kilimani. Wakubwa wa kampuni walikuwa na ofisi yao mjini Nakuru. Shambani alikuwako meneja Mzungu, na chini yake mume wangu, nyapara mkuu. Mume wangu hakuwa amefika miaka thelathini, lakini alijua ng'ombe gani anapiga teke akikamuliwa na mkono wa kushoto, alijua mfereji upi unaziba mvua ikianza, na alijua kumtuma mtu kazi bila kumtukana. Meneja alijua kutia sahihi. Simsemi vibaya, hakuwa mtu mkali. Alipenda kulala mchana, na shamba lilikwenda vizuri akiwa amelala.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho, na Wazungu wengine walikuwa wameanza kuuza viti vyao. Meneja wetu naye akasema anarudi kwao. Juma hilohilo mkubwa mmoja wa kampuni, mzee wa nywele nyeupe, akaja na gari lake mpaka zizini. Akamwita mume wangu mbele ya wakamuaji wote, akamwambia kampuni imefikiri sana na imeona yeye ndiye atakuwa meneja. Akasema kwa Kiswahili chao kile cha kizungu: "Ijumaa kuja ofisi Nakuru. Wewe nasema mwenyewe nataka mshahara gani." Akaingia garini akaenda zake.

Mume wangu alikuja nyumbani akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akakaa tu. Nilipomuuliza kuna nini, akaniambia, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hakuna shamba hata moja pale bondeni lililokuwa na meneja mweusi. Jioni ileile nilipita karibu na ua wa nyumba ya meneja, nikijifanya natafuta kuku, nikaanza kuhama kwa macho. Kitanda nilikiweka upande wa jua la asubuhi. Mapazia niliyapa rangi ya majani mabichi. Mtoto wangu nilimweka sakafuni, kwenye mbao zile zinazong'aa, atambae asipate vumbi hata kidogo.

Kisha tukabaki na lile swali. Mshahara gani?

Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyetutangulia. Jumapili baada ya kanisa manyapara wenzake wa mashamba ya jirani walikuja kunywa chai na kutoa mashauri. Mmoja akasema aombe posho mara mbili na buti. Mwingine akasema asisahau koti la mvua, la mpira, lile refu. Wa tatu, mzee aliyebakiwa na meno mawili, akasema, "Wewe omba baiskeli yenye taa. Wakikupa taa, hata wakikufukuza utaona njia ya kurudi kwenu." Tulicheka sana. Wakaanza kumwita meneja papo hapo, wakimwambia asije akapita kesho akawarushia vumbi, na yeye alikuwa akitabasamu huku akichora chini kwa kijiti.

Alichokuwa akichora ni hesabu yake. Yeye alikuwa akipata shilingi mia na ishirini kwa tikiti. Meneja, alisema, ni kama nyapara wawili. Kwa hiyo mia mbili na arobaini. Tuliitazama ile namba pale kwenye vumbi, na mimi niliogopa nikaifuta kwa mguu, mtu asije akaiona.

Lazima niseme habari ya tikiti, maana watoto wa leo wataniuliza. Tikiti ilikuwa kadi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukifanya kazi siku nzima, jioni unawekewa alama katika chumba kimoja. Vyumba vikijaa, unalipwa. Ukiugua, hakuna alama. Ukifiwa, hakuna alama. Mvua ikikatiza kazi saa sita, hakuna alama, hata kama umelowa mpaka mifupa. Jumapili haina chumba. Mimi nilizaliwa shambani Mau Narok, baba yangu alikuwa kwenye ngano, na nyumbani kwetu hatukuhesabu miezi. Mama alisema, "Ndugu yako alizaliwa tikiti ya pili baada ya mavuno." Kalenda ya kanisa ilikuwa ukutani kwa ajili ya picha. Mume wangu naye alikulia hivyohivyo, na sasa kama nyapara mkuu ndiye aliyeshika penseli, anawawekea watu mia na zaidi alama zao kila jioni, na karani wa mjini anamwekea yeye yake kila Jumamosi.

Nikamwambia, ngoja. Nina shangazi Milimani, mtaa wa Wazungu mjini.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa yaya katika nyumba ya meneja mmoja wa ghala kubwa la mjini, na alikuwa amekaa hapo miaka kumi na miwili. Nilikwenda Jumanne na lori la maziwa, nikapanda ile njia ya miti mikubwa, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Nilimkuta anapiga pasi soksi za watoto. Nilipomweleza habari, hakuacha pasi.

Akaniuliza tumefikiri kiasi gani. Nikamwambia mia mbili na arobaini kwa tikiti.

"Kwa nini?"

"Kwa tikiti, shangazi."

Hapo akaiweka pasi chini. "Meneja na tikiti? Nani atamwekea alama, ng'ombe?"

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akasogea karibu, akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, ingawa memsaabu hakuwepo. Alisema wale watu hugombana juu ya pesa mbele yake kila mwisho wa mwezi, kwa Kiingereza, kana kwamba yeye ni kabati. Miaka kumi na miwili kabati lilikuwa linasikiliza. Bwana anapata elfu moja na mia mbili kila mwezi, na memsaabu analia kwamba hazitoshi. Nyumba si yake, ya kampuni. Gari la kampuni. Mtu wa bustani analipwa na kampuni. Mapazia pia.

"Mapazia?" nilisema. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniingia.

"Hata pete za kutundikia. Sasa nisikilize, mwanangu. Mwaka jana huyu bwana aliumwa mgongo. Akakaa Mombasa wiki sita, analala mchangani, na pesa zikaja vilevile, shilingi kwa shilingi. Hiyo ndiyo tofauti. Namba hata mkikosea si neno. Lakini mumeo aseme kwa mwezi. Umenisikia? Kwa mwezi."

Nilisema nimesikia. Akarudi kwenye soksi zake. Nilitazama mkono wake unavyopita juu ya zile soksi ndogo nyeupe, na kwa mara ya kwanza nikasikia kile kinyaa. Nilikumbuka baba yangu alivyokatwa na jembe la trekta mguuni, akalala siku arobaini, na kadi yake ikakaa juu ya kabati la vyombo, vyumba vyake vitupu, na mama akienda kupalilia kwa watu. Hatukumlaumu mtu. Tulidhani ugonjwa ndivyo ulivyo. Tulidhani ugonjwa hula pesa, kama moto unavyokula nyasi. Kumbe upande huu wa mji mtu anaugua na pesa haijui.

Sikupenda kinyaa kile. Nilikuwa sijakizoea. Njiani kurudi nilijaribu kufikiria mapazia, nikaona mapazia yenyewe yananuka.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema elfu moja na mia mbili hawatatoa, watafikiri amerukwa na akili. Lakini nusu yake anaweza kuisema bila mdomo kutetemeka. Mia sita. Kwa mwezi. Siku mbili alijizoeza. Wakamuaji walinihadithia kwamba alikuwa akipita nyuma ya ng'ombe akinong'ona, wakadhani anasali.

Ijumaa tulipanda lori pamoja na madebe ya maziwa. Dereva alikuwa peke yake mbele, lakini tulipanda nyuma kama kawaida. Hakuna aliyefikiri vingine, hata mimi niliyekuwa na mimba na yule aliyekuwa karibu kuwa meneja. Alikuwa amevaa koti la harusi yetu. Maziwa yalikuwa yakimwagika kidogo kwenye kila kona, na mimi nilikuwa nimefunga pua kwa ncha ya leso, nikimwambia kila tunapopita daraja: "Sema." Naye anasema, "Mia sita kwa mwezi." Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya meneja.

Ofisini tuliambiwa tungoje barazani, kwenye benchi. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani nilimwona yule mzee wa nywele nyeupe peke yake mezani, anakunywa chai. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Chai ilimwagika kwenye kisahani, akajaribu kuipangusa kwa karatasi, karatasi ikalowa, akaitazama tu. Kola yake ilikuwa imechakaa pembeni. Nikafikiri, huyu hana mtu wa kumshonea. Meneja wake amemwacha. Pengine shamba lenyewe linamshinda.

Moyo wangu ni mlaini, na sijisifu kwa hilo. Nilimwinamia mume wangu sikioni nikasema, "Sema mia nne."

Akanigeukia. "Kwa nini?"

"Ni mzee. Tusimshtue. Mia nne bado ni pesa nyingi."

"Tulisema mia sita."

"Atatuona watu wa tamaa. Mwakani wataongeza."

Nilimwona anaanza upya, midomo inacheza: mia nne, mia nne. Kisha karani akafungua mlango akamwita, naye akaingia na ile namba mpya mdomoni kama mtu aliyebebeshwa debe lililojaa, anaogopa kulimwaga.

Nilisikia yote kupitia dirishani. Mkubwa alimkaribisha vizuri, akamsifu kwa ng'ombe, akauliza habari ya mvua. Kisha akauliza sasa anataka mshahara gani. Mume wangu akakohoa.

"Shilingi mia nne, bwana. Kwa tikiti."

Nilishika benchi. Lile neno lilitoka lenyewe. Alikuwa ameangalia namba, na lile neno likajipitia kwa mlango liliouzoea, maana maisha yake yote pesa haijawahi kumjia kwa jina lingine. Na kabla hajamaliza vizuri, kabla sijapata hata kusimama, nilisikia kalamu inaandika.

"Mzuri sana," alisema yule mzee. "Mimi nakubali. Mzuri sana."

Hakuuliza hata mara moja. Hakuvuta pumzi, hakusema ni nyingi. Mtu akinunua kuku wa shilingi mbili sokoni atasema ni mdogo, ni mzee, ana kamasi. Huyu alinunua meneja kama mtu anayeokota kitu barabarani na kukitia mfukoni haraka.

Karani alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye miwani, na alikuwa amesimama kando ya meza. Aliinua kichwa akanitazama dirishani, kisha akainamisha. Baadaye kidogo alitoka barazani na bahasha, akijifanya anaangalia maua kwenye mikebe. Alisema polepole, bila kunigeukia, "Mama, mbona hamkuja kuniuliza mimi kwanza? Jana wakubwa wamekaa hapa. Wamekubaliana mia saba. Kwa mwezi." Akakata ua moja lililokauka, akaingia ndani.

Nilikaa kama mtu aliyepigwa. Si kwa sababu ya mia tatu. Ni kwa sababu mkono uleule uliokuwa ukitetemeka na chai ulikuwa haujatetemeka na kalamu. Nami ndiye niliyeuonea huruma.

Niliingia. Mume wangu alikuwa amesimama na kofia mkononi, uso wake umejaa aibu, maana alikuwa ameshajisikia alichosema na hajui namna ya kukirudisha. Nilimsalimu yule mzee kwa adabu zote nilizofundishwa misheni. Nikamwambia kwamba mume wangu alitaka kusema kwa mwezi, neno limempotea tu. Nikamuuliza, yule meneja aliyeondoka, yeye alikuwa na tikiti?

Mzee hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linatua. Yule meneja, alisema, alikuwa na watoto wanasoma Ulaya. Alikuwa na gharama. Mtu mweusi hana gharama ile. Na tikiti ni desturi ya watu wote wa shamba. Akimtoa mmoja, kesho wote watataka. Mume wangu mwenyewe amesema tikiti, na yeye ameandika alichosema. Nyumba kubwa nayo itabaki ya wageni wa kampuni, lakini atatuletea mabati mapya ya nyumba yetu.

Nikasema, "Na sisi tunangoja mtoto, bwana."

Akatazama tumbo langu, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la wema kabisa, na hilo ndilo lisilonitoka.

"Mtoto yako nakula posho," alisema. "Posho sisi naongeza."

Mume wangu alinishika kiwiko. Akasema, "Asante, bwana." Alisema asante. Niliisikia ile asante ikitembea juu ya ngozi yangu kama kiwavi, mpaka tukatoka nje, mpaka barabarani.

Tulitembea kuelekea kituo cha reli, ambako lori lingetuchukua. Mwisho nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyembadilishia namba mlangoni. Akasema hapana, namba ni yangu lakini neno ni lake. Nikamwambia habari ya mia saba. Alisimama katikati ya njia. Mwenye mkokoteni akamtukana, akapita pembeni.

"Walikuwa wamekubaliana?"

"Jana."

"Basi waliniuliza ili iwe nini?"

Nadhani jibu alikuwa nalo, maana alitema mate chini, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya mjini, kisha akasugua kwa kiatu kama aliyeona haya.

Nilimwambia aikatae kazi. Nilisema tufunge vitu vyetu tuende kwa watu wake magharibi, tulime. Alinisikiliza kwa upole wake. Akasema akikataa, ataletwa kijana mwingine wa Kizungu wa kulala mchana, na yeye atafanya kazi ileile kwa mia na ishirini. Mia nne ni mia nne. Mtoto anakuja. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila ukweli ulininukia.

Jumatatu karani alituma kadi. Ilikuwa kadi ileile ngumu, vyumba thelathini, na juu, baada ya jina la mume wangu, pameandikwa kwa wino mzuri: Meneja. Swali la shangazi lilipata jibu. Hakukuwa na mtu juu yake pale shambani, kwa hiyo alama alijiwekea mwenyewe. Kila jioni, baada ya kuwamaliza watu wote, alitoa kadi yake mwisho kabisa, akaweka mstari wake mmoja, akairudisha mfukoni.

Wiki ya tatu niliugua. Nilianza kutokwa damu, na tukaogopa kumpoteza mtoto. Alinipeleka hospitali mjini, akakaa nje chini ya ukuta siku tatu, akilala pale, akinunua uji na kunipitishia kwa muuguzi. Mtoto alikaa. Tulirudi usiku, na jioni ya kesho yake nilikuwa nimelala kitandani namtazama anavyofanya kazi ya kadi pale mezani. Akafika kwenye yake. Akaweka alama moja, ya siku ile aliyoshinda shambani tangu alfajiri. Zile tatu akaziacha.

Nikamwambia, "Weka."

"Sikufanya kazi siku hizo."

"Wewe ni meneja. Yule mwingine alikuwa akilala kila mchana. Nani atajua?"

"Mimi," alisema. Akageuza kadi nyingine akanionyesha: ya mkamuaji aliyeugua homa juma hilo, vyumba vinne vitupu. "Huyu sikumwekea. Nitajiwekeaje mimi?"

"Basi mwekee na yeye."

Alifikiri. Niliona kabisa anafikiri. Penseli ilisimama juu ya ile kadi ya mkamuaji, ncha yake karibu kugusa. Kisha akasema kadi zote zinakwenda kwa karani, na karani ana hesabu ya maziwa ya kila mkono. Akazipanga pamoja, akazifunga kwa uzi.

Nilimwonea huruma, nikamwonea kinyaa, vyote kwa pamoja, na yeye ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua. Hapo ndipo nilipoelewa kile mzee alichonunua kwa haraka vile. Hakununua nyapara wawili. Alinunua mtu atakayejikata mshahara mwenyewe, kwa mkono wake, bila kusimamiwa.

Niligeukia ukutani. Mabati mapya yalikuwa hayajaja bado.

Siku ya thelathini na nane, ukihesabu Jumapili tano na zile siku tatu tupu, tikiti yake ikajaa, akaenda mjini kupokea mshahara wake wa kwanza wa umeneja.